Tulivyofichwa Kambini Chunyu

Wiki iliyopita nilimfokea mtu asiye na kosa. Ni mpakiaji mmoja hapa ghalani Nachingwea, ninakopima na kuandika magunia ya ufuta. Lilikuja turubai jipya la kufunikia mzigo, naye akalikunjua mbele ya meza yangu na kulikung'uta kwa mikono miwili. Harufu yake ikanijaa puani, ile harufu kali ya turubai lililoshinda juani, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimesimama napiga kelele: "Liondoe! Liondoe hapa, husikii?"

Mwenzangu wa mezani alidhani nimeumwa na nge. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Wapo watakaosema ilikuwa huzuni. Haikuwa huzuni. Zilikuwa hasira, na zilikuwa nzima.

Sisi tulikuja kusini kutoka kanda ya ziwa nikiwa na miaka minane. Malisho ya kule yalikuwa yamekwisha, na kila wiki tulisikia jamaa fulani kahama na mifugo yake. Baba aliuza baadhi ya ng'ombe akanunua Fuso kuukuu. Waliobaki wakatangulia kwa malori mengine pamoja na wajomba, na nyuma ya ile Fuso Baba akatujengea nyumba. Akasimamisha mbao, akaezeka kwa turubai la kijani, akapigilia kitanda kwa ajili ya Mayu, ndivyo tulivyomwita mama, na mdogo wetu Ngasa aliyekuwa bado ananyonya. Sisi wengine tulikuwa watatu: dada yangu Limi mwenye miaka kumi na mmoja, kaka yangu Shija aliyenipita mwaka mmoja, na mimi, msichana wa pili. Tulilala juu ya magodoro yaliyotandikwa kwenye magunia ya mahindi. Ubavuni Baba alikata kidirisha, na Mayu akashona pazia la khanga akalitundika pale. Nililipenda lile pazia kupita kiasi.

Nililipenda kwa sababu ya kalenda. Kwenye duka la kijijini kwetu ilitundikwa kalenda yenye picha ya wazungu walioweka kambi kando ya maji. Walikuwa na gari jeupe ambalo lilikuwa nyumba, lina madirisha na mapazia, na mbele yake watoto wenye kaptura walikuwa wanakimbia kwenye majani mabichi. Nyuma yao yalipangwa magari mengine kama lile, mengi, na kila moja lilikuwa na meza yake na mwavuli wake. Shija, aliyewahi kusoma darasa la kwanza kule kwetu, alituambia chini pameandikwa "kambi". Kwa hiyo Baba aliposema, "Tunakwenda Ruangwa, kuna kambi kubwa ya wafugaji, kuna kisima, kuna josho, kuna na shule," mimi nilijua kila kitu. Gari la nyumba tulikuwa nalo. Pazia tulikuwa nalo. Yalibaki majani na mwavuli.

Tulisafiri siku nne. Ngasa alitapika kutwa, Mayu akamshika mapajani bila kulalamika, na mimi nilikaa kidirishani nikiwapungia mkono watu wote wa barabarani. Siku ya nne mchana tulipita Ruangwa mjini, na mbele kidogo Baba akamwambia dereva aliyemkodi asimamishe gari. Akaja nyuma, akafunua turubai. Alikuwa anacheka. Baba hakuwa mtu wa kucheka na sisi, na ile furaha niliyoipata kwa kumwona anacheka ndiyo inayoniuma kuliko yote.

"Tukifika getini tutacheza mchezo," alisema. "Limi na wewe mtajificha. Kuna karani atapita kuangalia. Akiwaona, mmeshindwa. Asipowaona, mmeshinda."

"Na Shija?" niliuliza.

"Shija hajui kujificha."

Nikamzomea Shija. Baba akasogeza magunia, akatuingiza katikati, akatufunika godoro, na juu ya godoro kipande cha turubai kilichobaki. Mle ndani kulikuwa na joto la tanuri na harufu ile. Kwenye ubao wa ubavuni nilipata tundu dogo lililotobolewa na msumari, nikaweka jicho. Kwa hiyo kambi ya Chunyu niliiona mara ya kwanza kwa jicho moja.

Niliona lango la miti na watu wamesimama. Niliona malori mengi kuliko niliyowahi kuyaona, yamepangwa pande zote kama kwenye kalenda, na ardhi imegawanywa kwa mistari ya chokaa, kila familia na eneo lake. Hapakuwa na majani mabichi. Palikuwa na vumbi jekundu, mikorosho michache, samadi, moshi wa kuni, na watoto. Watoto walikuwa wanakimbia! Nilimminya Limi mbavuni kwa furaha.

Kisha nikasikia sauti ya karani. "Watoto?"

"Wawili," Baba akajibu. "Wa kiume."

"Wa umri wa shule?"

"Mmoja. Yule pale."

"Kambi hii kila mtoto wa umri wa shule lazima aandikwe, mzee. Usipomwandikisha unanyang'anywa eneo. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Karani akapanda kwenye gari. Kati ya magunia niliona viatu vyake. Akagonga gunia na kalamu. "Humu?"

"Mahindi na magodoro."

Nilikuwa nakaribia kupasuka kwa kicheko. Limi akanifunga mdomo kwa kiganja, nami nikamng'ata vidole ili nisicheke. Kiganja chake kilikuwa kimelowa, na uso wake, uliobanwa kwenye shavu langu, ulikuwa umelowa pia. Nilidhani ni jasho.

Viatu vikashuka. Lango likafunguliwa. Tulikuwa tumeshinda.

Ninyi wa rika langu mnajua mtoto akishinda mchezo anavyokuwa. Nilijisifu kwa wiki nzima. Kila karani alipozunguka kambini, Baba alitupa ishara kwa kidevu, nasi tukapotea. Tulikuwa na sehemu zetu: nyuma ya zizi, ndani ya pipa, chini ya Fuso. Baba alitufundisha na Kiswahili kidogo cha kujibu watu, maana nyumbani tulizungumza Kisukuma. Mtu akituuliza sisi ni nani, tuseme, "Tumekuja kutembea kwa mjomba." Akiuliza habari za mtoto yeyote mwingine, tuseme, "Hayupo." Hilo neno nililijua vizuri kuliko jina langu.

Asubuhi rimu ya gari iligongwa kule shuleni, ng'ambo ya korongo, na watoto wa kambi wakaondoka na madaftari. Shija alishonewa sare. Mimi na Limi tuliwatoa ndama. Mchana tulichota maji, jioni tukaokota kuni. Siku moja nikamuuliza Baba zamu yetu ya shule ni lini.

"Ninyi bado mnacheza," alisema.

Nikaona ni haki. Shija hakujua kujificha, basi na aende shule, adhabu yake. Nilimhurumia kwa kukaa ndani siku nzima.

Aliyeniambia ukweli alikuwa mwanamke wa hapo hapo, Bi Somoe, mkulima wa Chunyu aliyekuja kambini kutuuzia mihogo na mbaazi. Alikaa karibu na kisima, ushungi wake umefungwa nyuma ya shingo, na alisema Kiswahili cha kwao, ambacho mwanzoni kilinisumbua. Alikuwa mkali kwa watu wazima na mpole kwa watoto. Siku hiyo nilikuwa nasubiri ndoo ijae.

"We ntoto," aliniita. "Wenzako wote wako shule. We mbona huendi?"

Nilikuwa nimechoka kumwambia kila mtu kwamba nimekuja kutembea. Tena nilitaka kujisifu. "Sijaandikwa," nikasema. "Nilijificha, karani hakuniona. Nilishinda."

Akaacha kupanga mihogo. "Ulishinda nini?"

"Mchezo."

"Nani alikwambia umeshinda?"

"Baba."

Kisha akasema taratibu, bila kunicheka, "Basi hapo aliyeshinda ni baba'ko, mwanangu. We umepotea."

Ndoo ilijaa ikamwagika miguuni pangu. Sijui kama mtoto wa miaka minane anaweza kuelewa jambo lote kwa mara moja, lakini mimi nililielewa. Nilielewa kile kicheko cha Baba barabarani. Nilielewa yale maneno "wawili, wa kiume". Na nilielewa kwamba nilimsaidia, kwa bidii zangu zote, nikinyamaza vizuri kuliko mtoto yeyote wa kambi. Niliiacha ndoo palepale nikakimbia hadi kwa Limi, aliyekuwa na ndama kwenye mikorosho.

Nilimweleza nikilia. Akanisikiliza huku anachora chini kwa fimbo.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu garini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi."

Nikampiga. Nikampiga ngumi begani, kifuani, popote, naye akaniacha mpaka nikachoka. Halafu tukakaa, na hapo ndipo mpango ulipozaliwa, na ulikuwa mpango wake. Mimi ndiye ningekwenda shule kesho yake, kwa sababu ndama wakibaki peke yao Baba angejua mara moja. Limi angechunga wake na wangu. Mimi nikifika niseme, mbele ya mwalimu mkuu, mimi ni nani na baba yangu ni nani. "Ukishaandikwa," Limi alisema, "sema na mimi nipo. Usisahau. Sema, na Limi yupo."

"Siwezi kusahau."

Kesho yake nilivuka korongo nyuma ya wenzangu, na wao walipoingia darasani mimi nikasimama mlangoni kwa mwalimu mkuu. Alikuwa mwanamume mwembamba, suruali yake imepauka magotini. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilisema: "Mimi mtoto wa Masanja. Karani hakuniandika. Nataka kusoma." Akaniambia nikae. Akafungua daftari lake, akapitisha kidole, akanitazama tena. Kisha akaagiza wazazi waitwe.

Baba alikuja na fimbo yake ya kuchungia na Mayu nyuma yake, Ngasa mgongoni. Baba hakunitazama. Alipoulizwa akajibu kama mtu anayekataa kikombe cha chai: "Huyo mtoto wa dada yangu. Amekuja kutembea tu. Ataondoka."

Nimesikia maneno mengi mabaya maishani. Hayo ndiyo nayasikia nikiwa napika, nikiwa napima magunia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, miguu haifiki chini, na baba yangu mzazi, ambaye sura yake ndiyo hii hii yangu, alikuwa ananikana kwa sauti ya kawaida.

Mwalimu mkuu akamgeukia Mayu. "Mama, ni kweli?"

Mayu hakuwa akisema mbele ya wanaume. Nyumbani akitaka jambo alimwambia Limi, Limi amwambie Baba. Nilitazama midomo yake. Akampandisha Ngasa mgongoni, akafunga khanga upya, akasema kwa Kisukuma, kisha akarudia kwa Kiswahili kibovu ili mwalimu aelewe:

"Huyu nimezaa mimi."

Baba akageuka kumtazama. Mayu alikuwa ameinamisha macho, lakini hakuyafuta maneno yake. Mwalimu mkuu akavuta kalamu, akaniuliza jina langu, akaliandika. Nililiona linavyoandikwa. Sikuweza kulisoma, lakini niliona ni refu.

Kisha akauliza, "Na nyumbani kuna mwingine?"

Aliwauliza wao. Baba alitazama ukuta. Mayu alitazama chini. Ujasiri wake wote, naona, ulikuwa umeishia kwangu. Basi mwalimu akaniinamia mimi, akauliza polepole kama mtu anayetaka kusaidia:

"Wewe binti, kuna mwingine wa kusoma huko kwenu?"

Baba akanitazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akanitazama machoni, na mimi nikapiga hesabu yangu ya kitoto. Nikaona kwamba kuniachia mimi mmoja anaweza, kwa shida. Wawili hawezi. Nikisema wawili, atatupakia wote kwenye Fuso kabla ya jua kuzama, na lile jina langu refu litabaki kwenye daftari la watu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini pia, na hili sijawahi kumwambia mtu, nililitaka liwe langu. Nilikuwa nimelipata na sikutaka kulihatarisha kwa ajili ya yeyote.

"Hayupo," nikasema. "Niko peke yangu."

Mwalimu mkuu akafunga daftari.

Jioni nilimwambia Limi kwamba mwalimu hakuuliza. Nilimwambia nitasema wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema mwezi ujao. Yeye alikuwa ananipokea ndama wangu kila asubuhi, na kila jioni aliniuliza nimejifunza nini, nikamfundisha herufi kwa fimbo mchangani, chache, kwa haraka, huku nikitazama pembeni. Hakuniuliza tena habari za daftari. Baba naye aliacha kuniita kwa jina. Alisema "yule mwanafunzi". "Mwambieni yule mwanafunzi alete maji." Mayu hakupigwa, hakutukanwa. Baba alinyamaza tu, miezi na miezi, na wote tulikula ndani ya ule ukimya.

Masika ya tatu ng'ombe wa watu waliingia zizini mwetu, na Limi akaenda Chinongwe kuwa mke wa mtu. Mimi siku hiyo nilikuwa na mtihani. Niliporudi hayupo.

Nilimuuliza Baba mara moja tu, nikiwa tayari nina kazi na nimemletea sukari na mchele. Yeye bado yuko Chunyu, amezeeka, anasumbuliwa na magoti. Nilimuuliza kwa nini. Hakuonyesha kushtuka. "Karatasi iliwahi kuninyang'anya ng'ombe," akasema. "Niliweka dole gumba, sikujua imeandikwa nini. Nikataka Shija ajue kusoma. Ninyi mlikuwa wa kuolewa, na ndama walikuwa hawana mtu." Akaomba chumvi. Alikuwa amemaliza kueleza. Shija, kwa taarifa yenu, aliacha shule darasa la tano, anaendesha bodaboda. Niliondoka bila kuaga, nikatembea hadi barabarani nikisema peke yangu kama kichaa.

Kwa miaka mingi hasira hizo zilinitosha. Baba alikuwa mkubwa kiasi cha kuzibeba zote. Lakini siku ile kwenye ngazi za ghala nilijua kwamba sikumfokea mpakiaji kwa ajili ya Baba. Jumamosi nikachukua bodaboda hadi Chinongwe.

Limi nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda anamenya mbaazi mbichi. Watoto wake wawili walikuwa wanacheza kando. Tulisalimiana vizuri, kama kawaida yetu, habari za nyumbani, habari za mvua. Nikakosa namna ya kuanza, basi nikaanza tu.

"Limi, siku ile shuleni mwalimu mkuu aliniuliza kama kuna mwingine."

Hakuinua kichwa. "Alikuuliza."

"Nilikudanganya. Nilisema—"

"Ulisema hayupo. Nilikuwa nje ya dirisha."

"Ndama niliwafunga kwenye mkorosho," akaendelea, vidole vyake vikipasua maganda. "Nilipoona Baba na Mayu wanaitwa, nikawafuata kwa nyuma. Nikasimama pale nisubiri kuitwa. Nilikuwa nimepita kisimani nikanawa miguu, ili nisiingie ofisini na matope."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Nilianza kulia. Hapo ndipo aliponitazama, na nikaona uso ambao Limi hakuwahi kunionyesha, hata siku nilipompiga kwenye mikorosho.

"Usinililie," akasema. "Baba nilishamsamehe. Baba alikuwa na ng'ombe. Wewe ulikuwa na nini?"

"Nilikuwa na miaka minane, Limi."

"Na mimi nilikuwa na kumi na mmoja. Nikachunga ndama wako."

Akasimama, akaniachia ungo na kigoda, akaingia ndani. Nilisikia sufuria zinagongwa kwa nguvu kuliko zinavyohitaji. Watoto waliacha kucheza wakanitazama. Kule nje bodaboda aliyenileta akapiga honi, akapiga tena, nikatoka nikamwambia aende, nitajua la kufanya. Nikarudi. Nikakaa chini, nikavuta ungo, nikaendelea na mbaazi pale alipoachia.

Baada ya muda mrefu alitoka. Akanikuta. Alichukua kigoda chake, akakisogeza mbali kidogo na mimi, akakaa, akaingiza mkono kwenye ungo uleule.

"Zenye wadudu usichanganye," akasema.